Mlango wa Kusini wa Kiwanda cha Baiskeli

Ilikuwako nchi, na mpaka leo iko, ila jina lake tusilitaje, kwa sababu wenyewe wana sheria kwamba jina la nchi lisitamkwe na mtu aliyeketi, na sisi tumeketi. Katika nchi hiyo kulikuwa na mji, katika mji huo kulikuwa na kiwanda cha baiskeli, na katika Wizara ya Majengo, Mwendo na Mwonekano kulikuwa na mchora ramani aitwaye Hemedi Lukindo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mpole, nadhifu, ambaye maisha yake yote hakupata kugombana na mtu, wala kumtetea mtu.

Asubuhi moja aliitwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Pazi Lugome. Meza ya Waziri ilikuwa pana kiasi kwamba aliyesimama upande wa pili alilazimika kupaza sauti ndipo asikike.

"Lukindo," alisema Waziri, "Kiongozi wetu anatimiza miaka arobaini na moja madarakani. Wenzetu wa Kilimo wanamtolea hindi refu. Wenzetu wa Afya wanamtolea mgonjwa aliyepona. Sisi tutamtolea kitabu: Historia ya Usanifu wa Kiwanda cha Baiskeli cha Taifa. Utakiandika wewe."

"Mimi, Mheshimiwa? Mimi mchoraji tu."

"Ndiyo maana nimekuchagua. Waandishi wana tabia mbaya ya kuandika." Waziri aliinua kidole. "Nataka ukweli mtupu. Kiwanda kilianzaje, kikakuaje, nani alijenga nini. Ukweli mtupu, lakini uvae nguo."

Hemedi alisema ndiyo, akatoka kinyumenyume kama ilivyo desturi ya pale. Alipofika ukumbini aliegemea ukuta. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka mitaa mitatu kila siku ili asipite mbele ya kiwanda kile.

*

Kwa mujibu wa mafaili, mambo yalikwenda hivi.

Mwanzo palikuwa na ghala la ngozi, lililojengwa na wale wageni waliokuja bila kualikwa wakaondoka bila kuaga. Kuta zilikuwa za mawe, nene kama za gereza, na mpaka leo mvua ikinyesha jengo hutoa harufu ya ng'ombe. Bendera ilipobadilika, wahandisi vijana walibomoa paa wakaweka paa la msumeno, yaani paa la meno meno, kila jino na kioo chake kikitazama kusini, ili mwanga uingie na jua libaki nje. Miaka hiyo zilitoka baiskeli mia mbili kwa siku, nyeusi, ngumu, zenye kengele ya kumwamsha mgonjwa.

Kisha akaja Kiongozi, naye alipenda kujenga. Aliongeza mnara wenye umbo la kengele, na baiskeli zikawa mia kwa siku, maana mnara ulisimama pale palipokuwa na mashine ya kupinda bomba. Akaongeza nguzo arobaini za heshima, na kwa kuwa nguzo zilichukua nafasi ya mafundi wa magurudumu, baiskeli zikawa thelathini. Akaongeza chemchemi. Akaongeza ukumbi wa kusubiria ukumbi mwingine. Kiwanda kilipanuka mpaka kikameza mtaa mzima, na kila kilivyopanuka baiskeli zilipungua, hata sasa kilikuwa kinatoa baiskeli moja kwa mwaka, ya kumzawadia Kiongozi, na hiyo moja ilikuwa ileile ya mwaka jana iliyopakwa rangi upya. Magazeti yaliita jambo hilo ubora kushinda wingi.

Hemedi aliyaandika yote hayo kwa mkono uliotulia. Alipofika kwenye faili la ukuta wa kusini alikuta karatasi moja tu, yenye mihuri mitatu. Ilisema: "Ukuta wa kusini umekuwa ukuta siku zote."

Yeye alijua palikuwa na mlango. Alijua upana wake, urefu wake, na bawaba zake ngapi, kwa sababu ramani iliyouziba mlango huo aliichora yeye.

*

Ilikuwa hivi. Miaka ishirini iliyopita wizara iliamua kupamba ukuta wa kusini kwa picha ya Kiongozi, ya vigae vya rangi, upana wake mita kumi na mbili, akitabasamu. Picha ilipopimwa ikaonekana kwamba mlango wa chumba cha rangi unaangukia kinywani mwake. Kamati ililiona tatizo mara moja. Asubuhi wafanyakazi wangekuwa wanaingia kinywani mwa Kiongozi, na jioni anawatapika. Mjumbe mmoja aliyeuliza kama picha haiwezi kusogezwa alisogezwa yeye.

Hemedi alipewa kazi ya kuchora. Alichora mlango umejaa matofali, vigae juu yake, meno ishirini na manane meupe. Alipomaliza, pembeni kabisa mwa karatasi aliandika: "Je, watu watatokea wapi?" Aliandika kwa penseli, tena kwa wepesi, ili atakayechukia afute bila taabu. Yakafutwa. Hemedi akatia saini kwa wino.

Mwaka mmoja baadaye, asubuhi ya Jumanne, wakati wa chai, moto ulishika katika chumba cha rangi. Kulikuwa na mapipa ya rangi na mapipa ya tina ya kuzimulia rangi, na watu ishirini na watatu. Mlango wa kaskazini ulikuwa ndio unaowaka.

Serikali haikuficha jambo. Ilitangaza siku ileile kwamba watumishi ishirini na watatu hodari wamehamishiwa tawi jipya la kiwanda, huko Nyanda za Mbali, na kwamba uhamisho umekuwa wa ghafla kutokana na mahitaji ya taifa. Tawi hilo hakuna aliyepata kuliona. Lakini kila mwaka wake zao walipelekewa barua kwamba waume zao wanaendelea vizuri, na baadhi yao wamepandishwa cheo.

*

Meneja wa kiwanda, Bwana Tindwa, alimpokea Hemedi kwa bashasha. Alikuwa mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Karibu, Bwana Mwanahistoria! Tuanze na chemchemi?"

"Ningependa kuanza na ukuta wa kusini."

Bashasha ilimpungua kidogo. Walizunguka mpaka nje, wakasimama chini ya uso mkubwa wa vigae. Saa ya mnara ilionyesha saa tano kasoro dakika kumi na tano.

Kisha ukuta ukagongwa. Ngo, ngo, ngo. Sauti ilitoka kwenye meno ya Kiongozi, ikanyamaza kidogo, ikaanza tena. Wapita njia hawakugeuka. Mwenye mkokoteni aliinamisha kichwa akaongeza mwendo.

"Ni nini hiyo?" Hemedi aliuliza.

"Vigae," alisema Bwana Tindwa. "Vinapanuka kwa furaha. Kulikuwa na Kamati ya Kusikiliza Ukuta, ikakaa miezi tisa. Iliamua kwamba ukuta hauruhusiwi kutoa sauti nje ya saa za kazi. Sasa huu unagonga wakati wa chai, ndani ya saa za kazi, kwa hiyo hauvunji kanuni yoyote." Akatazama saa. "Huchukua dakika sita."

Ndipo Hemedi alipomwona mwanamke mmoja amesimama peke yake karibu na ukuta, khanga mabegani, mikono ameikunja, kama mtu anayesubiri kufunguliwa. Kugonga kulipokoma aliugusa ukuta kidogo kwa ncha za vidole, akaondoka kwenda langoni, ambako sufuria lake la uji lilikuwa likimsubiri.

"Yule?"

"Bi Siwatu. Muuza uji. Mumewe ni Msimamizi Mkuu Daraja la Pili, Nyanda za Mbali." Bwana Tindwa alishusha sauti. "Mwaka ule wa kwanza alitaka kuweka matanga. Polisi wakaja wakakunja turubai. Kumlilia mtumishi aliye kazini ni uchochezi."

Baada ya Meneja kwenda zake, Hemedi alitoa utepe wake wa kupimia akaanza kuupima ukuta, maana hakujua la kufanya jingine. Sauti ikatoka nyuma yake.

"Anzia pembe ile. Hatua kumi na saba. Hapo ndipo mlango ulipokuwa."

Alikuwa yule mwanamke, ameshika kikombe cha uji.

"Mlango upi, dada?" alisema Hemedi, na alipojisikia akisema hivyo aliona haya.

"Nilikuwa namletea Shomari chakula hapohapo. Mlango wa kijani. Alikuwa hapendi nigonge, anasema fundi mpaka rangi akishtuka mstari unapinda. Basi nasimama tu, mpaka mwenyewe anasikia harufu ya samaki." Alimpa kikombe. "Kunywa. Una uso wa mtu asiyekula. Wewe ni nani?"

"Naitwa Hemedi. Naandika kitabu cha kiwanda."

"Cha serikali?"

"Cha serikali."

"Basi hutauandika mlango," alisema Bi Siwatu bila hasira yoyote, akarudi kwenye sufuria lake.

*

Kwa mwezi mzima Hemedi alikwenda kiwandani kila siku, na kila siku alipewa uji. Kwanza alipewa kama wengine, baadaye Bi Siwatu akamtengea wake pembeni usio na pilipili manga, kwa sababu aligundua inamkohoza. Walizungumza juu ya mambo madogo. Shomari Ungando alikuwa na mkono mwepesi, anaweza kupiga mstari wa dhahabu kwenye bomba la baiskeli bila rula. Shomari alikuwa mbishi. Shomari aliondoka asubuhi ile wamegombana juu ya kuku. Hemedi alisikiliza, na kila siku aliapa moyoni kwamba leo atamwambia.

Siku ya kumi na mbili alimwomba Bwana Tindwa ufunguo wa chumba cha rangi.

"Mimi siingii," alisema Meneja. "Nina cheti cha daktari."

Hemedi akaingia peke yake. Mwanga wa mchana ulishuka kupitia vioo vya paa, mweupe, mtulivu, kama wahandisi wale vijana walivyoutaka. Fremu za baiskeli zilikuwa bado zinaning'inia kwenye ndoano, safu kwa safu, zimevaa masizi. Nyingine zilikwisha pakwa rangi nusu. Alipita katikati yake akijibana asiziguse, na nyuma yake zikawa zinayumba.

Mwisho wa chumba palikuwa na mlango. Amri ya wizara ilihusu upande wa nje tu, basi upande wa ndani hakuna aliyejisumbua kuuondoa. Ulikuwa umeungua ukawa mweusi, ila kitasa kilikuwa kizima. Hemedi alikizungusha, na mlango ukafunguka vizuri, bila hata kulia.

Nyuma yake kulikuwa na matofali.

Yalikuwa yamechimbika. Kulikuwa na alama za spana, na alama za kitu chembamba, labda pampu ya baiskeli. Tofali moja la katikati lilikuwa limeliwa mpaka nusu ya unene wake. Walibakiza nusu. Hemedi aliweka kiganja chake katika shimo lile, na likamtosha.

Saa ya mnara ililia. Na ukuta ukaanza kugongwa.

Nje alidhani sauti inatoka ndani ya ukuta. Sasa alikuwa ndani, na hapakuwa na mtu ila yeye, na matofali yalitikisika chini ya kiganja chake kama mgongo wa mtu anayekohoa. Harufu ya tina ikapanda. Hakusikia mayowe. Mayowe labda angeyastahimili. Alisikia hodi ya watu wenye adabu, wanaogonga wakinyamaza, wakigonga wakinyamaza, wakiamini kabisa kwamba upande wa pili kuna mtu, ila amechelewa tu kufungua.

Alisimama pale dakika zote sita. Hakuweza kuuondoa mkono.

*

Nyumbani mkewe, Bi Mgeni, aliweka kijiko chini.

"Hemedi, siku ya nne hii. Unakula huku unagonga meza. Unambishia nani hodi?"

Hemedi alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Kisha akamweleza yote, kwa mara ya kwanza tangu waoane, ramani, penseli, na saini. Bi Mgeni alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mama wa uji anajua?"

"Hajui."

"Mwenyezi Mungu akusaidie," alisema mkewe, akatoa vyombo mezani.

Kesho yake Hemedi alimwendea Bi Siwatu na daftari. "Nataka majina yote ishirini na matatu."

Bi Siwatu alicheka kidogo, kicheko kikavu. Halafu akayataja, jina na kazi, jina na kazi, bila kukwama, kama mtu asomaye uradi wake wa kila siku. Hemedi aliandika. Alipofunga daftari ulimi ulimwasha.

"Bi Siwatu, ile ramani..."

"Ramani gani?"

Alimtazama usoni. Alikuwa ameshika upawa, ameinamisha kichwa upande kumsikiliza, na hakuna mtu aliyekuwa amemsikiliza hivyo kwa miaka mingi.

"Basi," alisema Hemedi. "Uji wa leo mzuri."

Akaenda kuandika. Aliandika sura ya ukuta wa kusini yote, na mlango, na kinywa, na matofali, na majina, na lake mwenyewe pia. Lakini tusimpambe. Aliandika kwa sababu alikuwa na yakini kwamba itafutwa. Alitaka aweze kujiambia kwamba alisema, wakamkatalia. Mtu aliyewahi kuandika kwa penseli haachi tabia kwa siku moja.

*

Kitabu, kabla ya kuchapwa, sharti kipite ofisi kumi na nne. Hemedi alikaa mezani kwake akisubiri askari.

Ofisi ya kwanza ilipiga muhuri IMESOMWA ikasema lugha ni tamu. Ya pili ilipiga IMESOMWA ikaomba herufi ziwe kubwa. Ya tano ilihesabu mara ambazo Kiongozi ametajwa, ikakuta thelathini na nane, ikaagiza ziongezwe mbili. Ya tisa iliagiza kila sura imalizike kwa maneno ya kanuni, "Na haya yote yametendeka kwa uongozi thabiti wa Kiongozi wetu." Ya kumi na nne, Idara ya Usalama wa Maandishi, ilikaa nacho wiki mbili. Hemedi hakulala. Kikarudi na muhuri, na karatasi iliyosema: "Kimesomwa kwa kina. Hongera."

Katika nchi ile hakuna aliyesoma kitu kilichokwisha somwa na mwenzake, na yule wa kwanza alikuwa amesoma jalada.

*

Sherehe ilifanyika mbele ya ukuta wa kusini, asubuhi, kwa sababu hapo Kiongozi wa vigae angeonekana vizuri. Kiongozi mwenyewe hakuja. Aliwakilishwa na kiti chake. Kulikuwa na bendi, watoto wa shule, redio ya taifa iliyokuwa ikirusha moja kwa moja, na wake wa watumishi waliohamishwa, ambao waliletwa kila mwaka wapige vigelegele. Bi Siwatu alikuwa safu ya tatu.

Kisha utaratibu ukatangazwa. Mheshimiwa Waziri angesoma ukurasa wa arobaini na moja, kwa heshima ya miaka arobaini na moja. Ukurasa huo alikuwa anaujua.

Waziri alivaa miwani. "Ndugu wananchi! Nasoma! Ukuta wa kusini. Ukuta huu haukuwa ukuta siku zote." Alisita. Lakini ilikuwako sheria kwamba hotuba ya taifa ikianza haikatizwi, na waziri aliyemtangulia alikuwa gerezani bado kwa kosa la kukohoa katikati. Akaendelea, sauti imempungua. "Palikuwa na mlango wa kijani wa chumba cha rangi. Ulizibwa kwa amri ya wizara ili watu wasipite kinywani mwa picha. Ramani ilichorwa na kutiwa saini na Hemedi Lukindo, mchora ramani, ambaye alijua, na hakusema."

Safu ya tatu, kichwa kimoja kiligeuka. Hemedi hakuthubutu kukitazama, akakitazama.

Saa ya mnara ikalia. Waziri akasoma moto, akasoma mlango uliofunguka na matofali nyuma yake. Jasho lilidondoka kwenye karatasi. Kisha akafika kwenye majina.

"Chande Mlanzi, mpaka rangi."

Ngo, ukasema ukuta.

Bendi waliacha vyombo vyao. Waziri alitazama nyuma, akatazama kiti cha Kiongozi, akatazama kipaza sauti cha redio.

"Zidikheri Nunda, fundi wa fremu."

Ngo.

"Mwalami Tego, mchukuzi."

Ngo.

Kila jina likaitikiwa, kama mwalimu anapoita mahudhurio. Hakuna aliyesogea. Watoto wa shule walishikana mikono. Waziri aliendelea kusoma kwa sauti ya mtu anayeteremka ngazi gizani, mpaka akafika la ishirini na tatu.

"Shomari Ungando, mpaka rangi."

Ukuta ulikawia. Kisha ukagonga mara moja, polepole, na Bi Siwatu akaachia sauti iliyokuwa imekaa kifuani mwake miaka kumi na tisa. Wenzake wakaipokea. Polisi walitazamana. Amri yao ilikuwa kuzuia kilio cha watumishi walio kazini, na Mheshimiwa alikuwa ametoka kusema kwamba hawako kazini.

Waziri alikuwa amebakiza mstari mmoja. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Sheria ni sheria.

"Na haya yote," akasoma, "yametendeka kwa uongozi thabiti wa Kiongozi wetu."

*

Jioni ilitoka taarifa kwamba Waziri hakukisoma kitabu, bali kitabu ndicho kilichomsoma Waziri. Lakini wanasheria wa serikali walikuna vichwa, kwa kuwa neno la waziri redioni lina nguvu ya sheria mpaka lifutwe na waziri, na Waziri alikuwa amepoteza sauti. Watu ishirini na watatu walikuwa wamekufa rasmi.

Hemedi alikamatwa akahojiwa siku tatu. Aliulizwa nani aliyemtuma, naye akaonyesha mihuri kumi na minne. Wahoji waliigeuza mihuri ile wakaona kwamba wakimfunga Hemedi watawafunga wakuu kumi na wanne, na wa mwisho kati yao ndiye aliyewaajiri wao. Wakamstaafisha kwa manufaa ya umma, wakamtoa kwa mlango wa nyuma.

Alipita kiwandani. Saa ya mnara ilipolia alisimama chini ya meno ya Kiongozi akasubiri. Dakika sita zikapita. Ukuta haukusema kitu. Bwana Tindwa alikwisha andika ripoti kwamba ukuta umetii. Hemedi aliuwekea sikio, kigae kikawa baridi shavuni, na ndani mlikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Kwa mara ya kwanza akatambua kwamba alikuwa ameizoea sauti ile, na kwamba wale waliokuwa wakigonga ndio watu pekee waliokuwa bado wanamtegemea yeye afungue.

*

Turubai ilikuwa imetundikwa nyumbani kwa Bi Siwatu. Wanaume walikaa nje kwenye mikeka, wanawake ndani. Alipofika Hemedi mazungumzo yalikatika. Alikaa mwisho wa mkeka, na watu wa kulia na kushoto kwake wakajisogeza, akabaki na nafasi tupu pande mbili.

Walikuwa wakizungumza juu ya Msomi wa Taifa wa Mambo ya Misiba, aliyekuwa ametumwa asubuhi kumweleza Bi Siwatu kwamba hana eda, eda yake iliisha zamani, maana mume kafa miaka kumi na tisa iliyopita. Bi Siwatu alikuwa amemjibu akiwa ndani: "Kwa hesabu za serikali mume wangu alikufa Jumamosi, saa tano kasorobo, mbele ya redio. Mimi raia mwema. Nafuata hesabu za serikali." Msomi akaondoka akiwa ameshika kofia.

Mwanamke mmoja alitoka akamgusa Hemedi bega. "Unaitwa. Simama hapo dirishani."

Dirisha lilikuwa na pazia. Nyuma yake kulisikika mtu akijiweka sawa kwenye kigoda.

"Kaka Hemedi."

"Bi Siwatu. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Uji wangu ulikunywa siku ngapi?"

"Mwezi. Na zaidi."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikakutengea usio na pilipili."

Hemedi alishika kizingiti cha dirisha. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalimkimbia, likabaki moja. "Nisamehe."

"Usiniharakishe," alisema Bi Siwatu, na sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa imechoka tu. "Miaka kumi na tisa naharakishwa. Nifurahi, nipige vigelegele, nitie dole gumba kwenye barua kwamba mume kapanda cheo. Hii miezi minne na siku kumi ni yangu. Sitaki kumfikiria mtu ila Shomari, na kuku wetu yule, na maneno niliyomwambia. Nikitoka eda, uje. Sijui nitakuambia nini. Huenda nikakufukuza kama mbwa. Lakini uje."

"Nitakuja."

"Na usije na mtu wa kukusemea."

Alisikia kigoda kikisogezwa, na wanawake wakipokea kisomo mahali walipoachia. Hemedi alirudi mkekani. Chakula kilikuwa kinaletwa. Sinia likawekwa mbele ya safu yake, na wale waliokuwa wamemwachia nafasi ikawabidi wasogee karibu ili walifikie. Akanawa, akala na watu wa msiba tonge kwa tonge bila kuinua macho, na hakuna aliyemfukuza, wala aliyemwambia karibu.